Nilimfundisha Kuzungusha Kitufe Ambacho Hakukiharibu

Jamani, kosa ni langu. Nalisema mapema ili msije mkafika katikati mkaanza kunionea huruma. Si la shetani, si la umeme, wala si la waliotengeneza kile kidude. Ni langu mimi, fundi wa redio na umeme wa hapa Chanji, Sumbawanga, mwenye bango kubwa kuliko kibanda chenyewe.

Jina langu niachieni. Majina ya wenyewe nimeyabadilisha, ingawa najua huko Milepa mtu akisoma mistari miwili tu atasema, "Huyu si yule Mfipa?" Ndiye. Tulia usome.

Mambo haya ni ya enzi zile za ruksa, vitu vilipoanza kumwagika madukani. Watu walikuwa wanakwenda Tunduma mikono mitupu wanarudi na televisheni kichwani. Na sisi mafundi tukawa wataalamu ghafla! Juzi ulikuwa unabadilisha betri za tochi, leo umeandika kwenye bango ELEKTRONIKI ZA AINA ZOTE. Nilijifunzia wapi? Nilijifunza kwa kufungua. Ukifungua kumi zikapona nne, unaanza kutembea na bisibisi kwenye mfuko wa shati ili watu waione.

Sasa, nina mtani wangu Milepa, nimwite Masanja. Ni Msukuma, alihamia Bonde la Rukwa na ng'ombe wake akatulia huko. Na Wasukuma na sisi Wafipa tunataniana. Kwa wasiotujua, mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na wewe ukacheka, maana ukinuna mkosaji ni wewe. Nikifika kwake Masanja ananipokea hivi: "Mfipa umekuja na lori? Nilidhani ninyi mnasafiri kwa ungo!" Na mimi namjibu, "Ungo nimemwachia mkeo apepetee mchele, maana wewe unajua kupepeta mavi ya ng'ombe tu." Basi tunacheka mpaka machozi, ndipo tunasalimiana.

Mke wake, Mama Kulwa, alikuwa na hoteli ya chakula pale barabarani. Wali wa bondeni wenyewe, perege wa ziwani, na pilipili ya kukuamsha. Naye alikuwa mtani wangu kamili, tena ulimi wake ulimshinda mumewe. Aliwahi kuniambia mbele ya madereva kwamba nimekonda hivi kwa sababu umeme unanipita bila kupata cha kushika.

Ile hoteli ilikuwa yake. Aliianza na sufuria moja na benchi moja, na kila mtu alijua hivyo.

Mnalijua joto la bondeni? Sisi huku juu tunavaa koti hata saa sita mchana. Ukishuka ule mteremko unavua koti, unavua sweta, ukifika Milepa unatamani kuvua na ngozi. Kwa hiyo Masanja akauza maksai, akaenda Tunduma, akarudi na feni ya darini, inveta moja na betri mbili za lori. Jenereta alikuwa nalo tayari, la mashine yake ya kusaga. Mpango ulikuwa mzuri: asubuhi jenereta linawaka na kuchaji betri, mchana linazimwa kuokoa dizeli, na feni inazunguka kwa umeme wa betri kupitia ile inveta. Inveta ni kisanduku kinachougeuza umeme wa betri ufanane na ule wa nyumbani.

Fundi wa kuifunga hiyo feni akawa nani? Mimi, bila shaka!

Nikaifunga. Na ukutani nikamwekea regulata ya kisasa, ya elektroniki, kitufe kidogo cha kuzungusha ili feni iende polepole au kasi. Zile za zamani zilikuwa sanduku zito lenye ngazi, moja, mbili, tatu. Nikamwambia Masanja hizo ni za wakoloni. Jenereta likaunguruma, nikazungusha kitufe, feni ikatii. Madereva wakapiga makofi. Nikapanda lori kurudi Sumbawanga kabla ya jua kukolea, kwa sababu lori lenyewe lilikuwa linageuza asubuhi hiyo hiyo.

Wiki mbili hazijaisha, nikaitwa. Feni inavuma.

Nikashuka. Nikapaka beringi grisi, nikabadilisha kapasita, nikazungusha kitufe. Feni ikaenda vizuri kabisa, haina hata mnong'ono. Nikamwuliza Mama Kulwa, "Iko wapi hiyo inayovuma?"

Akaja akifuta mikono kwenye kanga. "Mtani, hii feni ikila injini ina adabu. Ikila betri inavuma kama mzinga wa nyuki, na hicho kitufe chako haikisikilizi. Tena ukutani panapata moto. Kaa mpaka mchana, tukizima injini utaona."

Jamani, hebu rudieni kusoma maneno yake. Yule mama alikuwa amenipa ugonjwa wote, mwanzo mpaka mwisho! Hata mita yangu isingesema wazi zaidi.

Mimi nilifanya nini? Nilicheka! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtu ambaye kwa miaka yote hajawahi kuniambia neno la maana, ambaye salamu zake zote ni matusi, leo ananiambia feni ina adabu ikila injini. Nikajua ni utani mpya. Nikamjibu, "Basi ipikie perege, labda inataka mboga." Naye hakucheka. Hapo ndipo ningeshtuka, kama ningekuwa na akili. Lakini lori lilikuwa linapiga honi, na mimi sikutaka kukaangwa na joto la mchana kwa ajili ya utani wa Msukuma.

Masanja akaingia kutoka mashineni, unga mpaka kwenye nyusi. Hotelini walikuwepo madereva wawili na wanunuzi wa mpunga wanakunywa chai. Akauliza, "Mtani, ugonjwa ni nini?"

Sikuwa na jibu. Feni ilikuwa inazunguka nzima mbele ya macho yangu. Na fundi akikosa jibu mbele ya wateja, ulimi unatafuta pa kujificha. Nikasema, "Ugonjwa ni mkeo! Anazungusha kitufe kama anasonga ugali wa msiba. Elektroniki haitaki mkono wa mchi."

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Hata Mama Kulwa alitabasamu kidogo, maana utani ni utani.

Masanja hakucheka. Fikirieni, mtu ameuza maksai. Akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Kweli?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, "Hapana bwana, nakutania, sijui ugonjwa ni nini." Maneno machache tu! Wala nisingekufa. Lakini wale wanunuzi wa mpunga walikuwa wananitazama, na bisibisi ilikuwa mfukoni inang'aa. Nikavuta shati nikasema, "Mimi ndiye fundi."

Basi. Nikapanda lori nikaondoka, nikimwacha mtu na maneno hayo.

Habari zilizofuata nililetewa na dereva wa lori, tena alizileta kama kichekesho. Masanja alikuwa ametengeneza kasanduku ka mbao, akakifungia kile kitufe kwa kufuli, na ufunguo akautia kwenye kamba shingoni mwake. Akaenda malishoni nao. Mchana mmoja, hoteli imejaa, kasanduku kakaanza kutoa moshi. Regulata iliungua yenyewe ndani ya kufuli! Masanja alipoambiwa hakujiuliza nani aliigusa. Alisema ilishaharibiwa tangu mwanzo na mkono wa mkewe, fundi mwenyewe alisema.

Ukumbi akampa mke wa mdogo wake ausimamie, kwa kuwa ana mkono mwepesi. Mama Kulwa akabaki jikoni uani, kwenye jua. Sahani anapakua yeye, zinapelekwa na mwingine. Na wale madereva, watu wasio na haya, wakampachika jina: Mama Moshi.

Dereva alicheka sana akinisimulia. Na mimi nikacheka naye. Ndiyo, nilicheka.

Miezi ikapita. Siku moja nimekaa kibandani Chanji, nimefunga feni ya meza ya mteja kwenye regulata ya aina ile ile, naijaribu. Inaenda vizuri. Mara umeme ukakatika, kama kawaida yake. Nilikuwa na inveta yangu ndogo na betri, nikahamishia waya huko ili nimalize kazi.

Feni ikaanza kuvuma.

Nikazungusha kitufe. Haisikii! Nikazungusha zaidi, ikaruka ghafla ikaenda kasi yote, nikirudisha, inavuma tu. Nikagusa regulata, nikautoa mkono mbio. Ya moto! Nilikaa chini kwenye kigoda changu na jasho likanitoka, tena hapa Sumbawanga.

Sasa naelewa, na niwaeleze ili msije mkawa wajinga kama mimi. Ile regulata ya elektroniki inapunguza mwendo kwa kukata umeme vipande vipande, na inajua pa kukata kwa kufuata jinsi umeme unavyopanda na kushuka. Umeme wa jenereta unapanda na kushuka taratibu. Wa zile inveta zetu rahisi unaruka juu ghafla na kuanguka ghafla, una pembe. Regulata inachanganyikiwa, inakata ovyo, feni inavuma, joto linapanda mpaka inaungua. Hata angeizungusha malaika ingeungua. Na mimi kila nilipokwenda Milepa waliniwashia jenereta kwa heshima, nipate umeme wa kuyeyushia risasi ya kuungia waya. Kwa hiyo mbele yangu feni ilikuwa haina neno siku zote.

Nilijua siku hiyo hiyo. Andikeni hilo. Na lori la Milepa lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi.

Sikupanda. Nilijiambia nina kazi nyingi. Lori lililofuata nikajiambia barabara ina matope. Lililofuata sikujiambia kitu, nilijifanya sijaliona. Nitawaambia nini watu, kwamba mpika wali alijua umeme kuliko bango langu?

Halafu, jamani, akaja mwenyewe.

Ilikuwa Juni, upepo wa huku juu unakata masikio. Namwona mwanamke amesimama mlangoni, kanga mbili zimembana, meno yanagongana. Mama Kulwa! Amepanda mlima kwa lori la mpunga, juu ya magunia. Nikaruka kwenye kigoda, nikajitayarisha kutukanwa. Nilitaka kutukanwa, kusema kweli.

Akafungua kitambaa. Ndani yake mlikuwa na ile regulata iliyoungua, nyeusi, ameifunga vizuri kama dawa ya mtoto.

"Mtani," akasema, "leo sikuja kukutania. Nimekuja unifundishe kuzungusha. Nikijua kuzungusha vizuri, Masanja atanirudishia ukumbi wangu. Mimi nilidhani nazungusha kama watu wote. Kumbe mkono wangu mzito, sikujijua."

Mnasikia? Alikuwa ameniamini! Yeye aliyeona kila kitu kwa macho yake alikuwa ameyaacha macho yake akaniamini mimi.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Hiki ndicho kilichonifanya niandike, yale mengine yote ningeyameza.

Nilimfundisha.

Nilichukua regulata nzima, nikaifunga kwenye feni ya meza. Umeme siku hiyo ulikuwepo. Nikamwambia, "Vidole viwili tu, mtani. Taratibu. Hivyo hivyo. Usikaze kiwiko." Akawa anazungusha, ulimi ameuuma kwa makini, vidole vinatetemeka kwa baridi. Feni inatii. Akauliza, "Hivi?" Nikasema, "Hapo sawa." Akarudia mara nyingi, mbele na nyuma, mpaka aliporidhika. Nilimwacha arudie, na mimi najua. Kisha nikampa ile regulata nzima aende nayo, kama zawadi, eti mtani ana moyo!

Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja," akiwa amepiga goti kidogo. Mtani hapigiwi goti. Aliponipa mgongo kwenda kutafuta lori, nililia. Sioni haya kusema, mtu mzima, nililia kibandani na mlango nikaurudisha.

Siku ya tatu nilishuka. Nilibeba regulata ya zamani, lile sanduku zito la ngazi nililolidharau, nililing'oa kwenye nyumba moja kuukuu nikalisugua. Ile haikati umeme, inaupunguza nguvu tu, kwa hiyo betri haiichanganyi. Na safari hii nilimwambia dereva asinisubiri.

Nilifika wakati wa chakula cha mchana. Hoteli imejaa. Masanja alikuwepo, na ufunguo shingoni; aliponiona tu akaenda kuniwashia injini, kama kawaida, akarudi. Akanitazama akaanza, "Mfipa! Ungo leo umekushusha mchana?" Nikasema, "Masanja, kazime injini."

"Fundi hafanyi kazi bila injini."

"Kazime, mtani. Nakuomba."

Akaenda kuzima. Feni ikahamia kwenye betri, ikaanza kuvuma ukumbi mzima. Nikaomba ufunguo, nikafungua kasanduku. Regulata yangu ya zawadi ilikuwa mle, siku zake mbili tu. Nikainua mkono ili wote wauone, nikashika kitufe kwa vidole viwili, taratibu, nikakizungusha mbele na nyuma. Ikaendelea kuvuma.

"Mnauona mkono huu?" nikasema. "Ni wa fundi. Haujawahi kusonga ugali. Na feni bado inavuma. Mama Kulwa aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba ugonjwa ni betri na hiki kitufe, nikamcheka. Halafu nikamsingizia mbele yenu. Halafu nikajua ukweli, nikanyamaza. Na juzi alipopanda Sumbawanga kwenye baridi ile kuomba nimfundishe, nilikuwa najua, nikamfundisha."

Mke wa mdogo wake Masanja alikuwa amesimama na sahani mbili mkononi, hajui aziweke wapi.

Masanja alivua kamba shingoni. Akatoka uani. Tukamsikia akisema, "Mama Kulwa, njoo ndani." Akasema tena, kwa sauti iliyopungua, "Njoo, tafadhali." Alipoingia akampa kufuli na ufunguo wake mbele ya wale madereva. Akamwambia, "Ulisema. Mimi sikusikia."

"Nilisema," akajibu.

Nikabadilisha regulata. Feni ikapanda ngazi moja, mbili, tatu, kwa betri, kimya. Masanja mwenyewe alishapata nguvu za kunitukana kufikia hapo. Akanitoza faini ya jogoo, akaniambia kama si utani angenifungulia mbwa, na hata hivyo mbwa angekataa kung'ata mtu asiye na nyama wala aibu. Yeye na mimi tulipona siku hiyo hiyo. Ukumbi ulirudi kwa mwenyewe, na jina la Mama Moshi madereva walilimeza, maana aliyelitamka baada ya hapo alikosa mchuzi.

Lakini Mama Kulwa? Aliniandalia maji ya kunawa. Akaleta wali na perege mkubwa, akaweka mezani kwa mikono miwili.

"Karibu chakula, fundi," akasema. "Pole na safari."

Nikamchokoza. Nikamwambia huyu samaki kakonda kuliko mimi. Akasema, "Samahani, fundi, nitakubadilishia." Akambadilisha kweli!

Miaka imekwenda. Nikipita Milepa ananipakulia vizuri, ananiuliza hali ya mke wangu na watoto, ananiita fundi, hajawahi kuniita mtani tena. Wateja wapya wanadhani ananiheshimu. Nimemtukania ng'ombe, nimemtukania ukoo mzima mpaka bibi yake, nikitafuta tusi moja tu. Hanipi. Anasema, "Asante, fundi."

Kwa hiyo, mafundi wenzangu, na wewe usiye fundi lakini unapenda kujua: anayekaa na kitu kila siku akikwambia kinavyomfanyia, nyamaza usikilize, hata kama ana ulimi wa utani. Usiweke regulata ya elektroniki kwenye inveta rahisi, utaunguza tu. Na ukishajua kosa ni lako, panda lori la kwanza. Usisubiri la pili. Mimi nilisubiri, na mama wa watu akapanda mlima juu ya magunia, akitetemeka, kuja kuniomba nimsahihishe mkono ambao haukuwa na kosa.